Alichokula Kifungo kabla ya nusukaputi

Saa moja na nusu asubuhi. Mlango wa kliniki ya wanyama umefunguliwa nusu tu, na mlinzi wa benki aliyevaa sare zake kamili amesimama barazani akiwa amekumbatia boksi lililotobolewa matundu. Ndani ya boksi paka analia.

Mwanamke mfupi aliyevaa koti la kijani na kandambili nyeupe anainama, anachungulia kwenye tundu moja, kisha ananyanyua macho.

"Amekula?"

"Hajala."

"Jana alikula mara ya mwisho saa ngapi?"

"Saa mbili. Wewe mwenyewe ulikuja nyumbani jana jioni ukasema mwisho saa tatu."

"Na leo asubuhi?"

"Nimekwambia hajala, dada yangu. Mimi ndiye nimemtia humu."

"Nani aliamka wa kwanza kwako?"

Mlinzi anacheka kwa kukereka. Anasema ni mama watoto. Mwanamke anamwomba ampigie simu, na aiweke sauti ya juu. Mke wa mlinzi anaapa kwamba paka hajapewa kitu. Halafu, kwa nyuma, inasikika sauti nyembamba ya mtoto wa kike: "Nilimpa mkate kidogo tu, mama. Ulikuwa umeanguka."

Mlinzi anatazama simu kana kwamba imemsaliti.

"Mrudishe nyumbani," mwanamke anamwambia. "Uje naye keshokutwa."

"Kwa kipande cha mkate? Nimeomba ruhusa kazini!"

"Ndiyo, kaka. Kwa kipande cha mkate. Nisamehe."

Mlinzi anaondoka akilalamika hadi kwenye kona. Mwanamke anasimama barazani akimwangalia, kisha anaingia ndani kunawa mikono. Ana paka wengine wanne wa kuandaa kabla daktari hajafika.

Mtaani wanamwita Mama Kikapu. Jina hilo limetokana na kikapu cha ukindu chenye kifuniko anachobebea paka wa watu wasio na chombo cha kuwabebea. Ana umri wa miaka hamsini na miwili, na kwa miaka kumi na tisa amefanya kazi, sasa akiwa msaidizi, katika kliniki hii ya vyumba viwili, nyuma ya duka la vyakula vya mifugo.

Kazi kubwa hapa ni kuhasi paka madume na kufunga kizazi majike. Kwa wiki hupita paka kama kumi na wawili. Mwaka jana walizidi mia sita.

Chumba cha upasuaji kina meza ya bati, taa yenye shingo iliyofungwa kamba ili isiiname, na mizani ya kupimia watoto wachanga, ambayo hospitali moja iliiacha ilipopata mpya. Mama Kikapu hupima uzito, hunyoa manyoya ya tumbo, hupaka dawa ya kuua vijidudu, na hushika miguu wakati daktari anachoma sindano. Paka akishalala, humpaka mafuta machoni, kwa sababu paka aliye kwenye nusukaputi halali kama binadamu. Macho hubaki wazi.

"Wageni hilo huwatisha," anasema. "Wanadhani anawaangalia. Haangalii chochote. Lakini na mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nawaomba radhi kimoyomoyo."

Alianza kazi hapa akiwa msafishaji, baada ya kiwanda cha nyuzi alichokuwa akifanya kazi kufunga milango. Mume alikuwa ameshafariki, na binti yake alikuwa na miaka mitatu. Aliosha vizimba na kufua taulo kwa miaka miwili, hadi siku ambayo msaidizi wa wakati huo hakutokea na daktari akamwita ashike taa. Hakurudi tena kwenye ndoo.

Kuhusu mshahara hasemi mengi. "Ukifika tarehe ishirini, unakuwa umechoka kuliko mimi."

Ni mcheshi. Wenye paka wanaomsubiri barazani hucheka naye, hasa akiwaeleza habari za wanaume wanaoleta madume. "Mwanamke ukimwambia tunamfunga kizazi, anauliza atapona lini. Mwanamume ukimwambia tunahasi, anabana mapaja kama zamu ni yake. Kuna mzee mmoja alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, 'Mwanangu, hamuwezi kumwachia hata moja?'"

Lakini ukimuuliza kwa nini hupita nyumba kwa nyumba jioni ya kabla ya upasuaji, jambo ambalo hakuna anayemlipa kulifanya, na kwa nini asubuhi huuliza swali lilelile mara nne, utani huisha. Hukunja taulo iliyo mbele yake, huikunjua, na huikunja tena.

"Kuna paka alikufa," anasema. "Kwa kweli paka ndiye kitu kidogo katika hadithi yenyewe."

Paka huyo aliitwa Kifungo. Alikuwa jike wa kijivu mwenye doa moja jeusi la duara kifuani, na doa hilo ndilo lililompa jina. Mwenyewe alikuwa fundi cherehani aliyekaribia miaka sabini, mjane, aliyeishi peke yake kwenye chumba chenye mlango unaofunguka barabarani. Watu wote walimwita Bi Fundi. Alikuwa ameshona sare za shule za mtaa mzima kwa miaka arobaini, na magauni ya harusi ya wasichana ambao siku hizi ni bibi.

Kifungo alizaa mara tatu kwa mwaka. Wapangaji wa nyumba hiyo walichoka. Mzao mmoja ulitupwa kwenye mtaro wa maji machafu ukiwa ndani ya mfuko, na Bi Fundi ndiye aliyeusikia ukilia. Alipoufungua, wawili kati ya watano walikuwa bado hai. Hawakufika jioni.

Hapo ndipo Mama Kikapu, aliyekuwa akiishi nyumba ya nne kutoka hapo, alipoanza kumshawishi ampeleke Kifungo kliniki. Haikuwa rahisi.

"Aliniambia, 'Kwa nini akatwe, naye hana ugonjwa? Waliokosa ni watu.' Nikamwambia, 'Bibi, ni kweli. Lakini watu hatuwezi kuwafunga.' Ilinichukua miezi miwili. Nilikuwa napita kila siku nikitoka kazini. Mwisho akasema, 'Basi. Lakini umchukue wewe na umrudishe wewe.' Nikamwambia nitamrudisha kwa mkono wangu huu."

Ilipangwa siku ya Jumanne. Jumatatu jioni, Mama Kikapu alipita kumpa maelekezo, kama ilivyo kawaida: paka asile chochote baada ya saa tatu usiku, maji aachiwe hadi alfajiri, kisha yaondolewe.

Alimkuta Bi Fundi ana hofu. Maswali yalikuwa mengi. Je, atasikia maumivu? Je, akizinduka atajua nani alimpeleka? Je, atamchukia? Mama Kikapu aliketi kwenye kigoda karibu na cherehani akayajibu yote, moja baada ya jingine, kwa muda wa karibu saa nzima. Alimpapasa mgongo bibi wa watu. Alimwambia asiwe na wasiwasi.

Akaaga, akaenda zake.

"Nilimwambia kila kitu isipokuwa kile nilichokwenda kumwambia," anasema.

Hakujua kwamba amesahau. Na kulikuwa na jambo jingine. Kila paka ana kadi yake kliniki, na kwenye kadi kuna mstari usemao *Mwenye paka ameambiwa asimlishe*, wenye kiboksi pembeni. Mama Kikapu alikuwa na mazoea ya kutia alama kwenye kadi zote za siku inayofuata asubuhi mapema, kabla hajaonana na mtu yeyote, ili amalize makaratasi aendelee na kazi. Kadi ya Kifungo ilikuwa imetiwa alama muda wa saa tisa kabla ya yeye kukaa kwenye kile kigoda.

Jumanne asubuhi alimpitia Kifungo saa kumi na mbili na nusu. Bi Fundi alimtia kwenye kikapu yeye mwenyewe, akafunga kifuniko kwa utepe. Mama Kikapu hakuuliza kitu. Siku hiyo walikuwa na paka saba.

Sindano ya kwanza ya usingizi humfanya paka atapike. Tumbo likiwa tupu, hutoka povu kidogo, basi. Likiwa na chakula, na paka ameshalegea hawezi kumeza wala kukohoa, kile kinachopanda hushuka kwenye njia ya hewa.

Daktari, mwanamume wa miaka sitini na minne anayeongea taratibu, anakumbuka dakika zile. "Nilitoa maziwa kooni mwake kwa bomba la sindano. Maziwa na vipande vya samaki. Tulimning'iniza kichwa chini. Tulimkanda kifua. Fizi zikawa nyeupe, halafu zikawa za buluu. Nilimuuliza msaidizi wangu, 'Huyu mwenyewe aliambiwa?' Akasema, 'Aliambiwa.' Nikaitazama kadi. Alama ilikuwepo."

Mama Kikapu anasema pale alipotamka neno hilo, aliliamini. Alikuwa ameona alama, na alama ilikuwa ya mkono wake.

Ukweli ulimjia njiani, akiwa na kikapu mkononi.

"Nilikuwa nimefika kwenye duka la kinyozi. Nikajaribu kukumbuka Bi Fundi alijibu nini nilipomwambia kuhusu chakula. Kila mtu hujibu kitu. Wengine husema, 'Maskini, atalala na njaa.' Nikatafuta jibu lake. Halikuwepo. Nikasimama. Nilijua pale pale."

Kutoka duka la kinyozi hadi mlango wa Bi Fundi ni hatua zisizofika mia mbili. Mama Kikapu anasema alikuwa na muda wa kutosha wa kuamua kusema kweli, na hakuamua.

Alimkuta bibi ametandika kitambaa laini kwenye kona karibu na cherehani, cha kumlaza mgonjwa. Alipokea kikapu, akahisi uzito haujitikisi. Hakupiga kelele. Alifungua utepe, akaangalia, akafunga tena.

"Alikufaje?" aliuliza.

"Bibi, alikuwa na chakula tumboni. Alikula?"

"Nilimpa maziwa alfajiri. Na kichwa cha samaki. Nilisema aende ana nguvu."

Na hapo Mama Kikapu alisema sentensi ambayo, kwa maelezo yake, ameirudia kichwani mara nyingi kuliko jina la binti yake.

"Si tulikwambia asile, bibi?"

Bi Fundi alimtazama. "Mliniambia?"

Mama Kikapu aliinama kuutazama utepe wa kikapu.

"Basi nimesahau," bibi alisema. Akaketi kwenye kigoda. "Uzee huu. Nimesahau kabisa. Sikumbuki hata kusikia."

"Ningeweza kumwambia wakati ule," anasema Mama Kikapu. "Alikuwa amenifungulia mlango. Alisema hakumbuki kusikia. Ilikuwa niseme tu, 'Hukusikia kwa sababu sikusema.' Maneno manne. Badala yake nikamwambia, 'Usijilaumu, bibi.' Hebu fikiria. Mimi namwambia yeye asijilaumu."

Alidhani yataishia hapo. Watu huzika paka, hulia siku mbili tatu, halafu jirani huwaletea mwingine.

Lakini Bi Fundi hakuwa akimlilia paka peke yake. Alikuwa ameanza kujiogopa. Mtu anayeweza kuambiwa jambo zito kama lile na lisibaki hata chembe kichwani, aliwaza, ni mtu ambaye akili yake inaondoka. Akaanza kujichunguza. Mkasi ukimpotelea chini ya vitambaa, jambo ambalo hutokea kwa kila fundi, aliona ni dalili. Akikosea jina la mjukuu, dalili.

Alianza kuandika kila kitu ukutani kwa chaki ya kushonea: *nimezima jiko, nimefunga mlango, leo Alhamisi.* Mwanawe wa kiume, anayeishi upande wa pili wa mji, alipoona kuta zile aliingiwa na hofu. Alimnyang'anya jiko la gesi, akamwekea mtu wa kumletea chakula.

Kisha akaacha kushona. Mteja wa mwisho alikuwa bibi harusi. Bi Fundi alimpima mara tano, akaandika, akafuta, akampima tena, mwisho akamrudishia kitambaa chake kikiwa kizima. Alimwambia atafute fundi mwenye kichwa.

Mama Kikapu aliyaona yote hayo. Alipita mlangoni pale kila siku.

Mwaka wa pili, jirani mmoja alimletea Bi Fundi kitoto cha paka, cheupe, kinachoshikika kwenye kiganja. Mama Kikapu alikuwepo. Bi Fundi alikitazama, akakirudisha. "Mimi sifai kuachiwa kiumbe," alisema. "Nilimuua mmoja kwa mkono wangu mwenyewe. Muulize huyu, alikuwepo."

"Yule jirani akanigeukia," Mama Kikapu anakumbuka. "Unajua nilifanya nini? Nilitikisa kichwa kwa huruma. Hivi. Kama mtu mwema."

Nyumbani, usingizi ulianza kumpiga chenga. Binti yake, wakati huo mwanafunzi wa uuguzi, alirudi siku moja akasimulia walichofundishwa kuhusu wagonjwa kutokula kabla ya upasuaji. "Mwalimu amesema muuguzi asiulize tu, 'Umekula?' Aulize mara tatu kwa njia tatu," alisema. "Na ninyi na paka wenu huwa mnauliza?" Mama yake aliinuka mezani, akasema amesahau kufunga bomba la uani.

Ilichukua miaka mitatu na miezi minne. Na hata hivyo, anasema, hakuchagua siku. Siku ilimchagua yeye.

Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi. Alikuwa akitoka dukani alipoona gari dogo la mizigo limeegeshwa mbele ya mlango wa Bi Fundi. Mwanawe wa kiume na mwanamume mwingine walikuwa wanaitoa cherehani. Ile cherehani ya miguu, meza yake ya mbao imelika pembeni pale mkono wa kushoto hukaa. Bi Fundi alikuwa amesimama mlangoni, mkasi mkononi, akikata kamba za kuifungia.

"Shikamoo, bibi. Inakwenda kutengenezwa?"

"Marahaba, mwanangu. Inauzwa. Mtu asiyekumbuka kuhusu maziwa atakumbuka vipimo vya watu?"

Mama Kikapu aliweka mfuko wake wa unga chini, barabarani.

"Bibi, hukusahau."

"Sikusahau nini?"

"Siku ile ya Kifungo. Sikukwambia. Nilikaa hapa saa nzima nikaongea mengine yote, sikukwambia asile. Hukusahau kitu. Hukuambiwa."

Wale wanaume wawili walikuwa wameinyanyua cherehani tayari, kila mmoja upande wake. Yule mwingine, ambaye ndiye mnunuzi na hakujua habari za paka wala maziwa, aliuliza, "Sasa tunabeba au hatubebi?"

"Wekeni chini," alisema Bi Fundi.

Bi Fundi, ambaye leo ana miaka sabini na minne, alikubali kuzungumza na mwandishi wa makala haya chumbani kwake. Cherehani iko mahali pake, karibu na mlango. Kuta zimepakwa rangi upya, lakini ukitazama kwa upande unaweza kuona neno *Alhamisi* chini ya rangi.

"Jambo la kwanza nililosikia ni furaha," anasema. "Nikuambie ukweli wangu. Nilifurahi. Nilisema, 'Kwa hiyo sikusahau.' Nikasema tena. Nikamgeukia mwanangu nikamwambia, 'Umesikia? Mama yako hakusahau.' Kijana wa watu akaanza kulia pale pale, mbele ya mnunuzi."

Anakunja vidole kimoja kimoja.

"Halafu nikaanza kuhesabu. Miaka mitatu na miezi minne. Nikamwambia aondoke mbele yangu, maana nilikuwa bado nina mkasi."

Amemsamehe?

"Watu wote wanauliza hilo, kama ni sukari ya kuazima." Anapapasa meza ya cherehani. "Kosa la kusahau nililimaliza siku ile ile. Nani hasahau? Mimi nimewahi kumshonea mtu suruali mguu mmoja mrefu. Lakini yeye aliniona naandika ukutani. Alinisalimia asubuhi, akaniona naandika, akaenda kazini. Hapo ndipo sijui nifanye nini napo."

Kuna jambo jingine, na hili halirekebishiki. Alipoirudia cherehani, Bi Fundi aligundua macho yameanza kuingia ukungu. Hospitali walimwambia ni mtoto wa jicho, na kwamba kwa hali ya moyo wake hawashauri kumpasua. Sasa hushona mishono iliyonyooka tu: foronya, mapindo ya mapazia. Magauni hayawezi tena.

"Ile miaka mitatu macho yalikuwepo," anasema. "Mazuri kabisa. Nilikuwa nayatumia kuangalia ukuta."

Mama Kikapu alikwenda kwa daktari Jumatatu iliyofuata, akamwambia yote kabla ya kuvaa koti. Alitegemea kufukuzwa. Daktari alivua miwani, akakaa muda mrefu akiifuta kwa ncha ya shati.

"Nilikuwa na hasira," daktari anasema. "Lakini siku ile niliamini alama kwenye karatasi badala ya kumuuliza mwenye paka mwenyewe. Alikuwa nyumba ya nne kutoka kwa msaidizi wangu, na sikwenda hata kumpa pole. Nilituma pole. Nikamwambia kama ni kufukuzana, tufukuzane wote wawili, halafu paka watahasiwa na nani?"

Tangu siku hiyo hakuna alama inayotiwa kabla. Jioni Mama Kikapu hupita kila nyumba. Humwambia mwenye paka maelekezo, kisha humwomba ayarudie kwa kinywa chake. Wengine huona ni dharau. Mwalimu mmoja mstaafu alimuuliza kama anamwona mtoto wa chekechea. Yeye huomba radhi, na husubiri hadi arudie.

Kati yake na Bi Fundi, sasa ni mwaka mmoja na miezi minane. Miezi minne ya mwanzo bibi hakumjibu salamu. Kisha siku moja akajibu.

"Ananijibu, 'Marahaba,'" anasema Mama Kikapu. "Basi. Zamani alikuwa anasema, 'Marahaba, mwanangu.' Hilo la pili bado. Sidai. Nikilidai nitakuwa namwomba anisaidie tena."

Watu wamemshauri ampelekee bibi kitoto cha paka, kliniki hakikosekani. Amekataa. Bi Fundi naye, alipoulizwa, alisema akitaka paka anajua wanapopatikana.

Mwisho wa mwaka huu daktari anastaafu. Anayekuja kushika nafasi yake ni daktari kijana, na kliniki itahamia jengo jipya lenye kompyuta. Kadi za zamani, maboksi tisa yaliyojaa vumbi juu ya kabati la taulo, zilikuwa zichomwe.

Mama Kikapu ameomba asubiriwe. Kwa miezi miwili sasa, saa ya chakula cha mchana, huteremsha boksi moja na kupitia kadi moja moja. Anatafuta zenye msalaba mwekundu, alama ya paka aliyefia kwenye nusukaputi. Kwa miaka yote kumi na tisa amezipata kumi na moja, mbali na ya Kifungo. Saba anazikumbuka vizuri: mmoja alikuwa na moyo mbovu, wengine walikuja wagonjwa. Nne zilizobaki hajui. Zote zina alama kwenye kiboksi.

"Alama zote zipo," anasema. "Ndiyo shida yake. Hazinisaidii kitu."

Amenakili majina na mitaa ya wenyewe wanne kwenye daftari. Daktari alimwambia anafukua makaburi. Binti yake, ambaye sasa ameajiriwa wodini, alimnunulia viatu vya kutembelea.

Nyumba mbili ameshakwenda. Ya kwanza, familia ilihama zamani na hakuna ajuaye iliko. Ya pili, mama mmoja alimsikiliza hadi mwisho, akasema yeye aliambiwa vizuri kabisa, na kwamba hakumlisha paka. Wakanywa maji, wakaagana. Mama Kikapu alipofika nje alilikata jina hilo kwa mstari kwenye daftari.

Zimebaki mbili. Jumamosi hii atakwenda kwa fundi baiskeli mmoja, mwendo wa saa moja kwa miguu. Kadi inaonyesha alileta paka jike wa rangi ya chungwa miaka saba iliyopita. Chini, kwa mwandiko wa daktari, pameandikwa: *Mwenyewe anasema hakujua.*

Anafunga daftari, analitia mfukoni mwa koti.

"Labda atanifukuza," anasema. "Labda hata paka mwenyewe amemsahau, ataniona mwendawazimu. Na iwe hivyo, nitafurahi. Lakini kama alisema hakujua, na sisi tukamwonyesha alama, basi yuko mtu huko anatengeneza baiskeli za watu huku akidhani alidanganya."

Kutoka kizimba cha tatu paka mmoja ameanza kuzinduka, anatikisa kichwa kama mlevi. Mama Kikapu anainuka kwenda kumgeuza ubavu.